Shikamoo Isiyoitikiwa

Andendekisye hakuwa na koti. Hakuwa na saa ya mkono, wala baiskeli iliyokuwa yake peke yake, wala viatu ambavyo havijawahi kupita kwa fundi. Hakuwa na shangazi pale mjini Mbeya wa kumsemea yale ambayo kijana hawezi kujisemea. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Alichokijua alikijua kwa mwanga wa chemli, jioni baada ya kazi, kucha zikiwa bado nyeusi kwa grisi. Hakuwa amewahi kufika Iringa. Na hakuwa amewahi, hata siku moja, kukaa kwenye meza yenye kitambaa akala chakula huku msichana anayempenda amekaa mbele yake.

Hayo yote aliyajua, na kila moja alikuwa ameanza kulitafutia njia. Koti aliahidiwa na Saulo, mwenzake wa gereji kule Iyunga, koti la kijivu lenye mabega mapana. Viatu alivipiga kiwi mpaka vikaona haya. Ruhusa ya kazini aliiomba mpaka mwenye gereji akachoka kukataa.

Upungufu mmoja tu hakuuhesabu. Kulikuwa na neno la kwao Rungwe ambalo alipaswa kumwambia Tekla tangu siku posa ilipokubaliwa, na kila alipofungua kinywa kulisema, lilitoka neno jingine.

Jumapili ile walikaa kwenye benchi la mbao nyuma ya nyumba ya wauguzi. Ilikuwa Juni, na ukungu ulikuwa haujashuka wote kutoka mlima Loleza. Tekla alivaa sweta ya bluu aliyoifuma mwenyewe. Aliinama akaokota mawe madogo, akaanza kuyapanga juu ya benchi, katikati yake na Ande.

"Hili ni soko la kwetu Iringa," alisema. "Hili ni boma la Wajerumani. Hapa yupo Mhindi wa kupiga picha, ukitoka kwake unateremka hivi. Na hili kubwa, huku juu, ni Gangilonga."

"Lile jiwe linalosema?"

"Ndilo. Wazee wetu wanasema linasema. Mimi nimecheza juu yake utoto wangu wote, halijaniambia kitu."

"Labda lilikuwa linamngoja Mnyakyusa."

"Mnavyopenda kusema nyie, litanyamaza moja kwa moja."

Alicheka, na mwanya wake ukaonekana. Ande aliutazama mwanya ule kama mtu anayetazama taa ya nyumba yake akiwa bado njiani. Alikuwa akimpenda Tekla kwa mambo mengi, lakini kwa mwanya ule angeweza kutembea kwa miguu mpaka Igawa.

"Na meza iko wapi?" aliuliza.

Tekla alichagua jiwe dogo kuliko yote, akalipangusa vumbi kwa kidole, akaliweka kando ya soko.

"Hoteli ya Mwarabu. Ina dirisha linalotazama sokoni, na mbele ya dirisha ipo meza ya watu wawili. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunatoka Tosamaganga na mama kuuza maharage. Nakaa chini na gunia langu, nawatazama watu waliokaa pale. Wanakula, wanaongea polepole, hakuna wa kuwahimiza. Nikawa nasema moyoni, siku moja."

"Basi Ijumaa tukishuka tu kwenye basi, mezani. Mimi nimekwisha kupanga. Pilau ya nyama, halafu chai ya maziwa, halafu..."

"Ijumaa?"

"Ijumaa jioni."

"Ande, Ijumaa mimi sili nyama. Umesahau tena?"

Ande alijipiga kipaji cha uso. Kwao Wamoravian Ijumaa ilikuwa siku kama nyingine.

"Samaki basi."

"Jioni ile samaki atoke wapi? Atatuletea maharage. Nisafiri kutwa nzima nikale maharage niliyokuwa nauza?"

"Basi Jumamosi mchana. Asubuhi tunatembea, Gangilonga, picha, soko, halafu chakula."

"Jumamosi mchana vizuri. Ila shangazi Juliana amesema atakuja."

"Kuja wapi?"

"Mezani."

"Si umesema meza ni ya watu wawili?"

"Atakaa meza ya jirani. Amesema hatatusikiliza, atatuangalia tu."

Ande alishika kichwa kwa mikono miwili. Tangu mwezi uliopita safari hii ilikuwa kama shati la kuazima. Akivuta upande huu, unafupika ule. Mara ruhusa ya kazi, mara ruhusa ya Tekla, mara mahali pa kulala yeye, maana Crispin, mjomba wa Tekla kule Iringa, alisema Mnyakyusa asilale nyumba moja na binti yao hata kama nyumba ina kuta za mawe. Sasa shangazi.

"Akae," alisema kwa kukata tamaa. "Akitaka achukue na pilau yangu."

Tekla hakucheka. Aliligusa lile jiwe la meza, akalizungusha.

"Unajua kwa nini naitaka safari hii?"

"Najua."

"Sema nikusikie."

"Mafunzo yako yamekwisha. Hospitali ya Iringa wanakutaka. Jumatatu lazima uwajibu."

"Na jibu hilo litatoka pale mezani. Nataka nikae na wewe mbele ya macho ya watu wa kwetu, uniambie yote ya kwenu, mazuri na mabaya. Nikiona tunawezana, narudi Mbeya tufunge ndoa. Nikiona unanificha, nabaki kwetu. Nitakushukuru, lakini nitabaki."

"Nikufiche nini?"

"Baba yako." Tekla aliinua macho. "Posa imepokelewa tangu Pasaka. Mzee Sedekia anakuja hapa na kahawa yake, analala kwako, anaondoka, hajawahi kuniona hata kisigino. Siku akija unaniambia nisitoke bwenini. Mjomba Crispin ananiuliza kila nikienda, huyo mkwe wetu ana nini? Nimjibu nini? Ni kwa sababu mimi ni Mhehe? Au rozari yangu inamchoma macho?"

"Sivyo, Tekla."

"Ila?"

Kueleza kulikuwa rahisi. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Kuanzia siku posa inapopokelewa, binti akisikia kikohozi cha mzee njiani hukimbilia porini na kugeuza uso. Hapiti mbele yake, hakai alipokaa, hatamki jina lake. Wenyewe huita ukutila, na kwao si chuki. Ndiyo heshima iliyo juu ya heshima zote. Mzee Sedekia alikuwa mzee wa kanisa, lakini ukutila aliushika pamoja na Amri Kumi. Wake wa wanawe wakubwa aliwajua kwa vishindo vya miguu yao wakikimbia.

Lakini Ande alikumbuka kisa kimoja. Mwaka uliopita, mwanamke wa Rungwe aliyekuwa amelazwa wodini kwa Tekla aliruka dirishani na nyuzi za kidonda tumboni, kwa sababu baba mkwe wake alikuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili. Tekla alikisimulia kisa hicho akicheka mpaka akafuta machozi. "Kisa baba mkwe!" alisema. "Nyie watu wa Rungwe mna mambo!" Na Ande, ambaye usiku na mchana alikuwa anajitahidi aonekane mtu wa kisasa mbele ya binti huyo aliyesoma, alicheka pamoja naye. Kicheko hicho kilikuwa kimemkaa kooni mpaka leo.

"Baba ana shughuli nyingi," alisema.

Tekla alikusanya mawe yake yote, soko na boma na Gangilonga, akayatupa majanini. Lile dogo alilitia mfukoni mwa sweta.

"Basi tutaongea mezani," alisema.

Ijumaa asubuhi jua lilipokuwa linachomoza, Ande alisimama kituoni katika koti la Saulo. Mabega yalikuwa mapana kuliko alivyokumbuka, na mikono ilikuwa mifupi. Harufu ya petroli haikuwa imetoka kwa sabuni.

"Umependeza," Tekla alimwambia. "Unafanana na karani aliyekua ghafla."

"Na wewe..."

Tekla alivaa gauni la maua madogo, sweta ile ya bluu juu yake, na kitambaa cheupe kichwani. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi. Alipoona anavyotazamwa, aliinamisha uso, akatabasamu upande.

"Ngoja nikanunue maandazi ya njiani," alisema. "Nishikie nafasi. Na usinitazame hivyo, shangazi atakuja kukutoa macho."

Alikwenda. Ande alimfuata kwa macho hadi kwenye kibanda cha chai, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita aliona kwamba safari hii itakuwa. Basi lilikuwa pale. Dereva alikuwa pale. Kilichobaki kilikuwa kupanda.

Hapo lori la Tukuyu liliingia kituoni. Abiria wakashuka, akina mama wenye ndizi na wanaume wenye makoti mazito, na wa mwisho kushuka, akishikilia mwavuli wake mweusi kwa mkono mmoja na kifurushi kikubwa kwa mkono mwingine, alikuwa Mzee Sedekia.

"Tata!" Ande alisema. Neno hilo lilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka.

"Ee, mwanangu. Hukupata salamu zangu? Nilimpa dereva wa juzi."

"Sikupata kitu, tata. Unakwenda wapi?"

"Iringa. Kwa wenzetu. Basi si hili?"

Basi lilikuwa hilo hilo, na lingine lisingekuwapo hadi Jumatatu.

"Tata, sikiliza. Basi hili anapanda... anakwenda na..."

Alichelewa. Tekla alikuwa amesikia neno "tata" akiwa ameshika maandazi. Alimwona mzee mrefu mwenye pua ya Ande na paji la Ande, na akajua. Na kwa kuwa kwa miezi yote hiyo alikuwa akijiuliza afanye nini ili mzee huyo ampende, hakupoteza hata pumzi moja. Alifanya lile ambalo mama yake alimfundisha pale Tosamaganga, ambalo binti wa Kihehe mwenye adabu hulifanya mbele ya mkubwa anayemheshimu kwa moyo wote. Alikuja mbio, akaweka maandazi chini, akapiga magoti vumbini na gauni lake la maua, miguuni pa mzee, akamwinulia uso.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mimi ndiye Tekla."

"Mwe!" walilia akina mama wa ndizi, wote kwa pamoja. Mmoja alijifunika kanga usoni. Mwingine akasema kwa sauti, "Amemtazama! Amemtazama mkwewe machoni!"

Mzee Sedekia alisimama kama mti. Hakukuwa na wingu angani. Taratibu aliufungua mwavuli wake mweusi, akauteremsha mbele ya uso wake mpaka kifuani. Nyuma ya kitambaa kile cheusi hakikutoka hata kikohozi.

Tekla alingoja marahaba. Alipoona haiji, alidhani mzee amechoka kwa safari, akakichukua kifurushi kutoka mkononi mwake, akajitwika, akampa mpanga mizigo kule juu ya basi. Kisha akarudi, akapiga magoti tena.

"Ondoka!" Ande alipiga kelele. "Tekla, ondoka hapo! Geuka! Ondoka!"

Watu wote kituoni waligeuka, ila mtu aliyekuwa nyuma ya mwavuli.

Tekla aliinuka polepole. Alijipangusa magoti, goti hili na goti lile, kama mtu ambaye ana siku nzima ya kufanya kazi hiyo. Kisha alipita pembeni ya basi, upande usio na watu, na Ande akamfuata.

"Tekla, nisikilize."

"Umenifukuza kama kuku aliyeingia jikoni."

"Si wewe. Ni desturi. Kwetu mkwe hamwoni baba mkwe. Hamsalimu. Hata njia hawapiti moja. Sasa hawezi kupanda basi hili na wewe umo, na mimi siwezi kumwacha..."

"Mkwe hamwoni baba mkwe." Tekla aliyarudia maneno hayo polepole. "Yule mama aliyeruka dirishani."

"Ndiyo."

"Tulicheka pamoja, Ande. Mimi sikujua. Wewe ulijua. Ulicheka nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Ya kwenu, au yangu?"

Ande alitaka kumshika mkono, Tekla akaurudisha nyuma.

"Ungeniambia ningejificha," Tekla alisema. "Unadhani nisingejificha? Ningekaa siku nzima nyuma ya gudulia la maji, nimejifunika, kama hiyo ndiyo njia ya kumheshimu baba yako. Nimefunga vidonda vya watu wa kila kabila, nitashindwa kujificha? Lakini umeniacha nikapiga magoti mbele za watu, nikatoa shikamoo, ikakaa pale chini kama andazi lililoanguka. Hakuna aliyeiokota."

"Tekla wangu..."

"Nilikwambia nini kwenye benchi? Kwamba nikiona unanificha nitabaki kwetu."

Honi ya basi ililia. Dereva alitoa kichwa dirishani. "Bibi wa Iringa! Unapanda au unaolewa kwanza?"

Watu walicheka. Tekla alifuta macho kwa kiganja.

"Napanda," alisema. Aliingiza mkono mfukoni mwa sweta, akatoa lile jiwe dogo, akalitazama, akalirudisha. "Kesho mchana nitakaa kwenye ile meza. Nimeitamani tangu utoto, siiachi kwa sababu yako. Jumatatu nitakwenda kuwaambia hospitali nimekubali. Kaa na baba yako."

Alipanda. Ande aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, akageuka. Mzee Sedekia alikuwa bado amesimama peke yake katikati ya kituo, mwavuli usoni, na watu wanampita kwa mbali. Ande aliutoa mguu. Basi likaondoka. Lilipopinda kona aliona kitambaa cheupe kwenye kioo, na hakikugeuka.

Walikaa kwenye kibanda cha chai, baba na mwana, kila mmoja na kikombe chake, na vikombe vikapoa.

"Hukumwambia," Mzee Sedekia alisema.

"Sikumwambia, tata."

"Kwa nini?"

"Nilidhani atatuona washamba."

"Ahaa." Mzee alikunja mwavuli wake, akaufunga kamba yake vizuri. "Mimi niliuza kahawa ili wewe ujifunze kusoma. Kumbe umejifunza na kutuonea haya."

"Tata, nisamehe."

"Mimi? Mimi si mtu wa kuombwa. Mtoto wa watu amepiga magoti vumbini." Aliuegemeza mwavuli mezani. "Nimeishi miaka yote hii, hakuna mke wa mwanangu aliyewahi kuniambia jina lake. Wale wawili nyumbani nasikia vishindo vyao tu. Huyu ameinua uso akasema, mimi ndiye fulani. Nimetamani kuitika, mwanangu. Mungu anisamehe, kidogo niitike."

Ande alimtazama baba yake. Hakuwahi kumsikia akisema maneno kama hayo.

"Iringa ulikuwa unakwenda kufanya nini, tata?" aliuliza. "Kuwaambia ndoa ifungwe kwetu?"

"Nani amekwambia hivyo?"

"Ndivyo wanavyodhani wao. Wanasema una kinyongo, ndiyo maana hutaki kumwona."

"Ndiyo maana nilikuwa nakwenda!" Mzee aligonga meza, chai ikamwagika. "Mshenga amerudi amesema wenzetu wamenuna. Nikasema neno la namna hii halisemwi na mshenga, nitakwenda mwenyewe. Nikafunga mchele wa Kyela, nikafunga kitenge cha mama mtu. Nilikuwa nakwenda kuwaambia, ndoa ifungwe kwao, kwa padri wao, mimi nitasimama nje ya mlango na mwavuli wangu, nitaimba nikiwa nje. Nilikuwa nakwenda kusema ndiyo!"

"Na mzigo..."

"Mzigo uko juu ya basi. Unakwenda kama bubu."

Ande alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Ng'ambo ya barabara, mbele ya ghala, lori lilikuwa linapakiwa mapipa. Alimjua dereva wake, Liberatus, Mhehe mnene aliyekuwa akitengenezewa gari kule Iyunga. Alivuka mbio.

"Liberatus! Unakwenda wapi?"

"Iringa. Nalala Igawa, kesho kabla ya adhuhuri niko sokoni."

"Nichukue. Hata juu ya mapipa."

"Mafuta ya taa hayo, ndugu yangu, mtu haruhusiwi kukaa juu yake, na hapa mbele yupo tajiri na mkewe." Liberatus alimtazama usoni, akalegeza sauti. "Nafasi ya mtu haipo. Nafasi ya barua ipo. Andika, nakungoja wamalize kufunga kamba."

Ande alitaka kupiga teke gurudumu. Mwezi mzima wa kupanga, na sasa hata mapipa yanakwenda Iringa, yeye habebeki. Lakini katika yote aliyokosa maishani, kalamu na karatasi hakuwahi kuvikosa. Alirudi kibandani, akafungua mkoba, akapangusa chai mezani kwa mkono wa koti la Saulo, akaandika.

*Tekla wangu,*

*Mwavuli ule haukufunguliwa kwa chuki. Kwetu ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na mimi niliyepaswa kukueleza nilinyamaza ili nionekane mjanja. Aibu ilikuwa yangu peke yangu, nikakuvisha wewe. Mambo ya kwetu nitakueleza yote, na utakalocheka ucheke, sitacheka na wewe tena kwa uongo. Kifurushi ulichojitwika ni cha mama yako. Kifungueni. Baba alikuwa anakileta kusema kwamba ndoa ifungwe kwenu, kwa padri wenu. Jumatatu usiwajibu hospitali kabla hujanijibu mimi. Nitakuja kwa basi la Jumatatu, ruhusa nikinyimwa nitakuja bila ruhusa. Na kama meza ile haitakuwa na nafasi yangu, nitakaa chini pale sokoni, mahali pa gunia lako, nikutazame.*

Alimsomea baba yake. Mzee alisikiliza akiwa amegeuzia uso ukutani, kama kwamba Tekla mwenyewe alikuwa amekaa pale mezani.

"Vizuri," alisema. "Sasa ongeza langu."

"Lako, tata? Unaruhusiwa kumsemesha?"

"Wazee walikataza macho, wakakataza mdomo. Karatasi hawakuijua." Alikohoa, akashika mpini wa mwavuli. "Andika neno moja tu. Andika kubwa, asilipite."

"Neno gani?"

Kule nje Liberatus alikuwa anapiga honi.

"Marahaba," mzee alisema.

Ande aliliandika kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika: *Hilo si langu. Limetoka kwake, nami ni mwandishi tu.* Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akalamba gundi. Mzee Sedekia, bado ametazama ukuta, alinyoosha mkono wake nyuma, akaipapasa bahasha mezani, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka akahakikisha imeshika.

Juu ya bahasha Ande hakuandika sanduku la posta. Aliandika: *Kwa Tekla, meza ya dirishani, hoteli ya Mwarabu, sokoni, Iringa.*

"Ataikuta kabla ya chakula?" alimuuliza Liberatus.

"Mwarabu mwenyewe hunipa supu kila Jumamosi. Nitaiweka mezani kabla sijakaa."

"Iweke upande wa pili," Ande alisema. "Kwenye kiti changu."

Liberatus aliitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Lori liliondoka likinuka mafuta ya taa, likapinda kona ile ile, na Ande alibaki amesimama barabarani katika koti lisilo lake, baba yake nyuma yake, mwavuli umekunjwa.